Ujira wa Mafundi wa Gari Uwekwe Bayana

Miongoni mwa vitu ambavyo mwananchi wa visiwa hivi huvinunua bila ya kujua bei yake, kikubwa ni mkono wa fundi wa gari. Akienda sokoni kununua samaki huuliza, akatazama, akaomba apunguziwe, na asiporidhika huondoka akenda kwa muuzaji wa pili. Akienda dukani kununua kitambaa hupimiwa mbele ya macho yake. Lakini gari yake ikifa mashine, au ikavunjika gea boksi, au ikaungua gasketi ya silinda hedi, mtu huyo huyo aliye hodari wa kushindania bei ya pweza huivuta gari kwa kamba mpaka gereji ya kwanza aliyoelekezwa na shemeji yake, akaiacha pale, akangoja kuambiwa. Na atakaloambiwa ndilo hilo; hana kipimo cha kulipimia.

Wakati ulikuwapo ambapo gari za Unguja na Pemba zilikuwa za wachache na za ofisi, na shida za wenye gari zingeweza kuhesabiwa kuwa shida za wenye nacho. Wakati huo umepita. Samaki wa Nungwi na mboga za mashamba huingia mjini kwa gari ndogo za mizigo. Watoto hupelekwa skuli kwa Noah na Hiace. Mgonjwa wa usiku katika kijiji cha ndani hufikishwa hospitali kwa gari ya jirani. Daladala moja hulisha nyumba ya mwenye gari, ya dereva na ya utingo, na ikilala wiki mbili gereji ni nyumba tatu zilizolala nayo. Aghalabu gari hizi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi Japani, kisha sisi tukazitumia miaka mingine mingi juu ya hiyo, katika barabara zenye vumbi la mawe ya chokaa na katika upepo wa bahari unaokula chuma. Kwa hiyo matengenezo makubwa kwetu hayaji kwa bahati mbaya. Ni miadi iliyokwisha kuwekwa, isipokuwa siku yake tu ndiyo haijulikani.

Jambo tunalotaka kulizungumza hapa ni ujira, yaani malipo ya kazi yenyewe, mbali na spea. Spea ina bei yake dukani, na mwenye haraka ya kujua anaweza kupita katika maduka mawili matatu akaijua. Ujira haumo dukani. Umo katika kinywa cha fundi, na kinywa hicho hutaja mchana huu bei moja na kesho bei nyingine.

Tuchukue kazi ambayo kila dereva anaijua, kubadilisha klachi ya gari ya kubebea abiria. Kazi yenyewe haina siri. Gari huinuliwa, shafti ya nyuma hufunguliwa, gea boksi hushushwa, klachi ya zamani hutolewa, mpya ikawekwa na kusawazishwa, kisha vyote vikarudishwa. Fundi anayeijua kazi yake, mwenye jeki nzuri na kijana wa kumsaidia, huimaliza kwa siku moja na akabakisha muda wa alasiri. Ukiipeleka gari hiyo moja kwa mafundi watatu katika mji huu mmoja, utatajiwa ujira wa namna tatu, na si ajabu wa tatu ukawa maradufu ya wa kwanza. Mwenye gari husema basi wa tatu ni mwizi. Huenda ni kweli, na huenda si kweli, na ubaya wa hali tuliyo nayo ni kwamba hana njia ya kujua.

Maana ziko sababu za haki za kuzidi ujira. Gereji yenye sakafu ya saruji, yenye paa, yenye winchi ya kunyanyulia mashine na spana za kupimia nguvu ya kukaza bolti, inayolipa kodi ya kiwanja na kodi ya Serikali na inayosimama nyuma ya kazi yake kwa miezi mitatu, haiwezi kutoza sawa na fundi mwenye sanduku moja la spana chini ya mwembe. Huyu wa mwembeni naye huenda akawa fundi bora kuliko wa kwanza, kwani mikono mizuri haichagui paa. Lakini anachouza si kitu kile kile. Anauza kazi bila ya dhamana, na mteja anayenunua kazi bila ya dhamana anastahiki kuipata kwa bei ndogo, mradi ajue kwamba ndivyo alivyonunua.

Sababu zisizo za haki nazo ziko, na kila mtu anazijua ingawa hazisemwi hadharani. Bei hutazama sura. Mwalimu wa kike aliyekuja na gari yake mwenyewe hutajiwa bei moja, na dereva wa daladala aliyezoeleka pale gereji hutajiwa nyingine. Gari ya hoteli hutajiwa bei ya hoteli. Na gari ikifika na namba ya SMZ, basi kalamu ya fundi huwa nyepesi sana. Tutarudi kwenye jambo hili la mwisho.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kulinganisha: mtu apite gereji tatu, asikie ujira wa kila moja, achague ulio mdogo. Shauri hili ni zuri, lakini halitoshi, na mara nyingine humwingiza mtu katika hasara kubwa kuliko aliyoikimbia. Ujira hauwezi kulinganishwa na ujira mpaka kwanza kazi ilinganishwe na kazi.

Mfano wetu ni gasketi ya silinda hedi, ugonjwa mkubwa wa gari za visiwa hivi. Asili yake mara nyingi ni joto. Maji ya visima vyetu yana chokaa, kama kila mwenye birika la chai anavyojionea ndani ya birika lake, na maji hayo hayo tunayatia katika rejeta mwaka hadi mwaka. Chokaa hushika katika vijia vya rejeta, maji hayapiti, mashine huchemka, na hedi iliyotengenezwa kwa alumini hupinda. Ikipinda, gasketi huungua. Sasa mwenye gari huenda kwa fundi wa kwanza, naye humwambia ujira mdogo: atafungua hedi, ataweka gasketi mpya, atafunga. Fundi wa pili hutaja ujira mkubwa zaidi. Mtu akichagua wa kwanza na kufurahi, hakuuliza swali la maana, nalo ni kwamba kila mmoja kwa ujira huo atafanya nini.

Kazi hiyo ikifanywa inavyopaswa, hedi hupimwa kwa rula iliyonyooka, na ikionekana imepinda hupelekwa kwa mwenye mashine ya kuchonga ikasawazishwe uso. Rejeta huzibuliwa au hubadilishwa. Thamostati na pampu ya maji hutazamwa. Bolti za hedi, ambazo katika injini nyingi za siku hizi hupimwa urefu kabla ya kurudishwa, hukaguliwa, na zilizorefuka hutupwa. Kisha hukazwa kwa mpango, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, na kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji; hazikazwi mpaka mshipa wa shingo ya fundi utoke. Oili iliyoingia maji humwagwa. Fundi aliyetaja ujira mdogo huenda hakukusudia hata moja ya haya isipokuwa kufungua na kufunga. Gari itaondoka ikiwaka, itakwenda mwezi au miwili, na siku moja njiani itachemka tena, kwa sababu rejeta ni ile ile na hedi ni ile ile iliyopinda. Mwenye gari atalipa ujira wa pili, na gasketi ya pili, na safari hii huenda na hedi mpya. Aliyekuwa na fedha kidogo ndiye huyo atakayelipa mara mbili.

Iko na hila nyingine, nayo ni ya hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, gereji moja inataja ujira wa Sh. 150,000 na kusema spea italeta wenyewe kwa Sh. 400,000. Gereji ya pili inataja ujira wa Sh. 250,000, na spea mteja akanunue mwenyewe dukani, naye akaipata kwa Sh. 270,000. Anayetazama ujira peke yake ataiona ya kwanza kuwa rahisi kwa Sh. 100,000. Anayejumlisha ataona kwamba ya kwanza ni Sh. 550,000 na ya pili ni Sh. 520,000. Ujira ulioonekana mdogo ulikuwa umejificha ndani ya spea. Hatusemi kwamba fundi hana haki ya kupata faida kidogo katika spea anayoihangaikia. Anatumia nauli yake na muda wake. Tunasema faida hiyo ionekane, ili mtu ajue analipa nini kwa jina gani.

Na juu ya hayo liko suala la kufungua mashine yote, kazi iliyo kubwa kuliko zote. Hapo pistoni hutolewa, ringi na beringi zikabadilishwa, krenki ikapimwa na pengine kukatwa, silinda zikachongwa, valvu zikasagwa. Ni kazi ya siku nyingi, na ujira wake ni mzito. Kwa hivyo wengi siku hizi hukimbilia injini za mitumba, zinazoletwa kutoka Japani na Dubai, ambazo ujira wa kuzipachika ni mdogo kwa kuwa hutoka moja ikaingia nyingine. Hatumlaumu mtu anayefanya hivyo. Lakini ajue kwamba katika njia ya kwanza amenunua kazi anayoweza kuikagua, kila kipande kikiwa juu ya meza, na katika njia ya pili amenunua mbuzi kwenye gunia. Kulinganisha ujira wa kazi hizi mbili bila ya kutia katika hesabu dhamana ya injini yenyewe ni kujidanganya. Muuzaji wa injini asiyekubali kuandika japo wiki chache za dhamana amekwisha kukwambia anavyoiamini bidhaa yake.

Mtu ambaye hajui chochote cha mashine afanye nini? Ajifunze walau gari yake. Toyota nyingi ndogo tunazoziona barabarani, zenye injini ya 1NZ-FE, hutumia mnyororo wa taiming na si mkanda. Noah za zamani zenye injini ya 3S-FE hutumia mkanda, ambao una umri wake wa kubadilishwa. Mwenye injini ya mnyororo akiandikiwa ujira wa kubadilisha mkanda wa taiming, ameandikiwa ujira wa kazi ambayo haiko duniani. Jambo dogo kama hili, ambalo mtu anaweza kuliuliza kwa watatu wanne kabla hajakwenda gereji, linatosha kumwonyesha fundi kwamba mbele yake amesimama mtu wa kuulizwa.

Sasa na tuseme na upande wa mafundi, maana tahariri inayowatazama wateja peke yake itakuwa imetazama kwa jicho moja.

Kutu ya bahari ni adui ambaye hayumo katika kitabu chochote cha mtengenezaji. Bolti ya ekzosi ambayo Japani hufunguka kwa dakika moja, hapa hukatika kichwa, na fundi hukaa nayo asubuhi nzima akiitoboa na kuitoa vipande vipande. Gari zinazobeba samaki wenye barafu na maji ya chumvi hufika gereji sakafu imekwisha. Fundi aliyetaja ujira kabla ya kuinama chini ya gari, kisha akakuta hayo, ama atafanya kazi kwa hasara ama atarudi kuomba nyongeza na kuitwa mwongo. Wateja nao wana yao. Yupo anayeleta spea ya bandia kwa kuwa ni rahisi, kisha ikifa humlaumu aliyeifunga. Yupo anayeagiza kazi kubwa ifungwe kwa waya mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi haonekani. Yupo anayeiacha gari imefunguliwa miezi sita, kiwanja kimezibwa, akarudi kudai kwa nini betri imekufa. Fundi anayejua kwamba katika kila wateja kumi wawili hawatalipa, huwagawia wanane waliobaki deni la wale wawili. Huo nao ni ujira usio wa haki, na chanzo chake si fundi.

Tena vijana wanaofunzwa chini ya mwembe, wanaoosha vipuri kwa petroli na kushika taa usiku, wengi hawana mshahara ila nauli na chakula cha mchana. Ujira ukishushwa kwa kelele tu za wateja, wa kwanza kukatwa ni hao. Kwa hiyo hatuungi mkono rai ya baadhi ya watu kwamba Serikali ipange bei ya kila kazi ya gereji na atakayezidisha ashitakiwe. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei zilipokuwa zimeandikwa vizuri katika karatasi na bidhaa hazimo dukani. Bei ya amri ya kubadilisha klachi itazaa klachi iliyobadilishwa kwa amri.

Zipo nchi ambako ujira hukadiriwa kwa saa. Mtengenezaji wa gari huchapisha kitabu cha saa: kazi fulani katika gari fulani ni saa kadhaa. Gereji hutangaza bei yake ya saa moja, na mteja huzidisha. Utaratibu huu una uzuri mmoja mkubwa, kwamba mtu anaweza kulinganisha gereji mbili kwa tarakimu moja tu. Una na kasoro yake, kwani fundi mwepesi akimaliza kwa nusu ya saa zilizoandikwa, mteja hulipa zote. Kwetu sisi hufanywa kazi kwa mkupuo, yaani ujira wa kazi nzima, ichukue muda itakaochukua. Desturi hii si mbaya hata kidogo. Humkinga mteja na fundi mzembe. Haitaki kuondolewa. Inachotaka ni kuandikwa.

Hapo ndipo tunapoona njia. Katika jimbo la California nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 1971 ilizitaka gereji zimpe mteja makadirio kwa maandishi kabla ya kuanza kazi, zisizidishe bila ya idhini yake, na zimrudishie vipuri vya zamani akivitaka. Haikupanga bei ya kitu chochote. Iliacha kila gereji itoze itakavyo, ila kwa maandishi na mapema. Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyotokana na sheria ya mwaka 2018, ambayo kumlinda mtumiaji ni sehemu ya kazi yake. Tumezoea kuisikia katika mambo ya vyakula na bidhaa za dukani. Mkono wa fundi nao ni bidhaa, na anayeununua ni mtumiaji.

Upande wa Pemba jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu wa mjini Unguja asiyeridhika na gereji ya Mwanakwerekwe anaweza kwenda Amani. Mtu wa Konde au Mkoani hana uchaguzi mpana hivyo. Kazi zinazohitaji mashine za kuchonga, na spea zisizopatikana karibu, humlazimu mara nyingi kuagiza Unguja au Dar es Salaam, na hapo nauli ya meli, posho ya mpelekaji na siku za kungoja huingia katika gharama bila ya kuitwa ujira wala spea. Kadirio la maneno matupu humuumiza huyu zaidi kuliko yeyote, kwa kuwa gari yake ikikwisha kufunguliwa hana pa kuihamishia. Utaratibu wowote utakaowekwa, na uanze kwa kumfikiria yeye.

Tulisema tutarudi kwenye gari za Serikali. Serikali ni miongoni mwa wateja wakubwa wa gereji za visiwa hivi, na fedha inayolipa ni ya mwenye ng'ombe wa Kinyasini na mchuuzi wa karafuu wa Wete. Ofisi hutakiwa kupata makadirio ya gereji kadhaa na kuyalinganisha, na utaratibu huo ni mzuri katika karatasi. Lakini kadirio lililoandikwa kwa mstari mmoja, "matengenezo ya gari", na jumla chini yake, haliwezi kulinganishwa na kitu. Makadirio matatu ya namna hiyo yakiwa katika faili moja, ofisa mwaminifu kabisa hawezi kujua lipi ni ghali, na ofisa asiye mwaminifu anaweza kulificha lolote analotaka. Hata mkaguzi akija baadaye ataona sahihi zote zimetimia, na mhuri uko mahali pake, na gari iko juu ya mawe.

Basi maofisa wetu wana nafasi ya kuonyesha mfano bila ya kungoja sheria mpya. Kila ofisi ikatae kupokea kadirio ambalo halikutenga ujira na spea. Ikatae kulipa mpaka vipuri vya zamani vimerudishwa stoo, vimetazamwa na kuandikwa, maana klachi iliyobadilishwa lazima iache klachi ya zamani nyuma yake. Na Wizara yenye dhamana ya fedha ikusanye ujira uliolipwa kwa kazi kubwa za kawaida, kama klachi, gasketi ya hedi, gea boksi na kufungua mashine, iutangaze kila mwaka kwa Unguja na kwa Pemba, bila ya kutaja jina la gereji yoyote. Tangazo hilo moja litampa mwenye daladala kile ambacho leo hana, yaani tarakimu ya kuanzia maneno. Litampa na fundi mwaminifu ngao yake, kwa kuwa ataweza kuonyesha kwamba alichotaja si cha ajabu.

Kwa mafundi tuna shauri moja la ziada. Vituo vya mafunzo ya amali viko Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na wako mafundi wazuri sana waliofunzwa na mafundi, ambao hawakupata kukaa darasani wala hawana cheti cha kubandika ukutani. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iwapime watu hawa mahali pao pa kazi, kwa gari iliyo mbele yao, na kuwapa daraja wanalostahiki. Mteja anayeona daraja la fundi ataelewa kwa nini ujira wa huyu umezidi wa yule, na kijana anayeshika taa usiku ataona kwamba iko ngazi ya kupanda.

Tume ya Ushindani Halali ianze na fomu moja tu, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachosomeka, ipatikane gerejini kwa bei ya karatasi. Iwe na nafasi ya namba ya gari na kilomita zake, maelezo ya ugonjwa kama alivyoueleza mwenye gari, kazi itakayofanywa hatua kwa hatua, ujira wake, spea na bei zake pamoja na nani atakayezinunua, siku ya kumalizika, na muda wa dhamana hata ikiwa ni sifuri. Chini iwe na mstari wa nyongeza: likionekana jambo jipya baada ya kufungua, fundi asiendelee mpaka mwenye gari aweke sahihi, au akubali kwa simu na saa ya simu hiyo iandikwe. Nakala moja abaki nayo fundi, kwa ajili ya wale wateja wawili katika kumi. Na siku fomu hiyo itakapotoka Unguja, iwe imekwisha kufika Chake Chake.